Maji Yakiwa Meupe, Rangi Imekwenda Wapi?

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya kemia, na mama yangu anatengeneza batiki hapa Morogoro. Nimetengeneza sponji ya fedha kwa kuchanganya nitreti ya fedha na dekstrani (sukari ya minyororo mirefu), nikakausha, nikachoma kwenye tanuri. Kipande chake nikikitia kwenye maji yenye methilini bluu ya miligramu 10 kwa lita, pamoja na borohidridi ya sodiamu, asilimia 95 ya rangi inapotea ndani ya dakika sita. Nataka kuandika kwamba sponji inavunja rangi, na sura ya mwisho niseme inaweza kusafisha maji ya batiki ya mama. Msimamizi naye anataka sponji hiyo hiyo niifanye elektrodi ya kupima haidrojeni peroksidi. Je, niko sawa? Sponji moja itaweza kazi zote mbili?*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuandika. Wengi huniandikia mtahini akishawabana. Nianze na mama yako, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza analo yeye.

Mtazame siku akichovya. Anatia rangi, kostiki soda na sodiamu haidrosalfaiti, anakoroga kwa maji ya moto. Rangi ambayo ilikuwa haikubali kuyeyuka sasa inayeyuka, na mara nyingi beseni linakuwa na sura isiyofanana kabisa na unga uliotoka kwenye kopo. Kitambaa kikitolewa na kuanikwa, hewa inakipiga na rangi ya kweli inajitokeza mbele ya macho yako. Mama hajavunja kitu. Haidrosalfaiti iliipa rangi elektroni ikayeyuka na kuingia ndani ya nyuzi. Oksijeni ya hewani ikazichukua elektroni zile, rangi ikarudi kuwa ngumu na kunasa humo humo. Mafundi wa batiki wanaishi na kemia hii kila siku bila kuipa jina.

Methilini bluu yako imefanyiwa jambo hilo hilo. Borohidridi inatoa elektroni, fedha inazipokea na kuzipitisha, na kila molekuli ya methilini bluu inapokea mbili pamoja na protoni moja. Inakuwa lukomethilini bluu, isiyo na rangi. Pete zake tatu bado zipo, salfa yake ipo katikati, na vikundi vyake vya methili havijaguswa. Spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaomezwa na maji, inakuonyesha kilele cha nanomita 664 kikishuka hadi chini, nawe unaandika “imevunjika”, kumbe imevua kanzu tu. Rudisha kipimo upande wa miali ya urujuanimno, karibu na nanomita 256, utaikuta imekaa.

Yalinikuta mwenyewe nilipokuwa kijana wa maabara. Nilikuwa nimeshachora grafu na kumwonyesha mwalimu wangu, naye akaipenda. Bika nililisahau mezani bila kifuniko. Asubuhi nilikuta maji ya bluu: juu bluu iliyokolea, chini hafifu, kama mtu aliyemimina wino polepole. Borohidridi ilikuwa imekwisha usiku na hewa ikapata nafasi. Ile grafu sikuitumia tena.

Fanya basi jaribio hili kabla ya jingine lolote. Maji yakishakuwa meupe, toa sponji. Shusha ualkali wa maji kwa tindikali kidogo kidogo hadi karibu na pH 7, yaani katikati ya tindikali na alkali, mahali penye hewa na mbali na moto, kwa sababu borohidridi iliyobaki itatoa gesi ya haidrojeni. Kisha pitisha hewa kwa nusu saa, hata kwa pampu ndogo ya tangi la samaki, na upime tena 664. Bluu ikirudi kwa asilimia 80, ujue asilimia 80 ya rangi haijavunjwa. Ukitaka ushahidi usiopingika, pima jumla ya kaboni ya kikaboni kabla na baada. Rangi iliyovunjwa kweli hadi mwisho inaondoka kama kaboni dioksidi na kuacha salfati na nitreti au amonia. Kama kaboni ni ile ile, hakuna kilichosafishwa.

Usivunjike moyo, maana kazi yako haijaharibika. Andika “kuondoa rangi” au “kuharakisha uhamisho wa elektroni”, nayo itasimama. Hata takwimu zako ni nzuri: asilimia 95 kwa dakika sita ni sawa na kasi ya 0.5 kwa dakika ukichukulia mwenendo wa daraja la kwanza, yaani kasi inayofuata kiasi cha rangi kilichobaki. Daraja hilo nalo lina sababu yake. Miligramu 10 kwa lita za methilini bluu ni kama mikromoli 31. Hukuniambia kiasi cha borohidridi, lakini ikiwa ni moli 0.01 kwa lita, kama wengi wanavyoweka, umeweka mara mia tatu na zaidi ya rangi. Borohidridi ikiwa nyingi hivyo haibadiliki sana wakati wa jaribio, ndiyo maana mstari wako unanyooka.

Na hapo ndipo hesabu ya “kusafisha” inapochekesha. Moli 0.01 za borohidridi ni takriban miligramu 108 za boroni katika kila lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 2.4. Umeondoa miligramu 10 za rangi machoni na kuacha boroni mara arobaini na tano ya mwongozo. Kwa hiyo borohidridi ni kipimo cha kulinganisha vichocheo maabara, na hapo inafaa sana. Usimpelekee mama kama dawa ya maji.

Utaniambia, “Basi nibadilishe rangi, nitumie za azo.” Ni kweli, kwa azo kuna kitu kinakatika: kile kiungo cha nitrojeni mbili kinachoipa rangi yake. Lakini angalia kinachotoka. Methili orenji inakupa asidi ya salfaniliki na amini yenye pete. Kongo redi inatoa benzidini, ambayo wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Ulaya ilipiga marufuku mwaka 2002 rangi za azo zinazoweza kutoa amini za namna hiyo kwenye nguo zinazogusa ngozi. Maji mekundu uliyaogopa kwa kuyaona. Yakiwa meupe yenye benzidini, hakuna atakayeyaogopa.

Sasa tuijadili fedha yenyewe. Njia ya dekstrani ni nzuri, na ina historia: kundi la mwanakemia Stephen Mann kule Bristol, Uingereza, liliichapisha mwaka 2003. Sukari ndefu inashika ayoni za fedha, inakuwa kiunzi, kisha inaungua na kuacha vinyweleo. Ziko nyingine, hasa ile ya kuchanganya fedha na alumini au zinki halafu kuiyeyusha metali dhaifu kwa kostiki au tindikali. Masonara wanaijua binamu yake: pete ya fedha ya asilimia 92.5 ikipashwa moto hewani, shaba yake ya juu inaungana na oksijeni, tindikali inaiondoa, na inabaki ngozi nyeupe isiyong'aa ya fedha tupu. Weupe ule usiong'aa una vinyweleo ndani yake; sonara anaukandamiza kwa kusugua, wewe unataka ubaki.

Kwa nini unautaka? Chukua gramu moja ya fedha, ifanye mchemraba. Uzito wake wa ujazo ni gramu 10.49 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo pande zote sita kwa jumla hazifiki hata sentimita za mraba moja na nusu. Gramu hiyo hiyo ikivutwa kuwa nyuzi zenye unene wa mikromita moja, inakupa sentimita za mraba 3,800 hivi. Nyuzi za nanomita 100 zinakupa mara kumi ya hapo. Ila usiipashe moto bila sababu. Fedha inayeyuka kwenye nyuzijoto 962, lakini atomi zake za juu huanza kutembea mapema zaidi ya hapo, nyuzi zinanenepa, vinyweleo vinazibana. Sponji iliyochomwa sana inapendeza kwa picha na ni mvivu kwa kazi.

Mtahini mzuri atakuuliza majaribio manne ya ulinganisho, na ni afadhali uwe nayo mfukoni. Rangi na borohidridi bila fedha: je, ilibadilika yenyewe? Rangi na sponji bila borohidridi, gizani: je, sponji iliimeza tu kwenye vinyweleo? (Sponji iliyobaki na masizi ya dekstrani humeza methilini bluu kwa furaha.) Sponji itolewe katikati ya kazi: je, maji yaliendelea kupoteza rangi kwa kasi ile ile bila hiyo? Yakiendelea, kichocheo ni chembe zilizomeguka, wala si sponji. Na mwisho, fedha iliyoyeyuka ndani ya maji ipimwe. Miligramu 0.1 kwa lita ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu anaweza kukivumilia kwenye maji ya kunywa maisha yake yote. Samaki hawana uvumilivu huo. Ayoni za fedha zinawadhuru kwa mikrogramu chache tu.

Turudi kwenye beseni la mama. Je, sponji itayasafisha maji yale? Hapana, na sababu zake ni nne. Kwanza maji yale tayari yana kitoa elektroni, haidrosalfaiti iliyobaki, ambayo haihitaji kichocheo chako. Ukitumbukiza sponji na rangi ikabadilika, hutajua nani amefanya. Pili, haidrosalfaiti ikioza inatoa thayosalfati, ile ile waliyotumia wapiga picha wa filamu kuyeyusha chumvi za fedha. Tatu, salfa ya namna yoyote na fedha haziachani: sponji itavaa weusi wa salfidi ya fedha, kama mkufu uliokaa kabatini, na uso wote uliouhangaikia unafunikwa. Nne ni chumvi. Ukitia chumvi ya jikoni ili rangi ishike zaidi, au ukitumia maji ya kisima cha pwani, kloridi inaivisha fedha kloridi ya fedha.

Ukitaka kumsaidia mama kwa kweli, tumia kile anachokijua. Acha maji machafu kwenye pipa pana, yakorogwe na hewa hadi haidrosalfaiti iishe. Rangi ya aina ile ikirudiwa na oksijeni inakuwa haiyeyuki tena, inaanza kushuka chini. Punguza ukali wa kostiki, kwa sababu maji yake yanaweza kufika pH 12 na zaidi, halafu tia shabu kidogo kidogo. Utaona mabonge yakishuka. Chuja kwa kitambaa na mchanga, tope likaushwe na kuwekwa mbali na mfereji. Haina mvuto wa kuchapishwa, ninajua. Lakini inaondoa rangi kutoka kwenye maji badala ya kuificha ndani yake.

Swali la elektrodi ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu hapa fedha iko nyumbani kwake. Hakuna metali inayopitisha umeme kuliko fedha, na haidrojeni peroksidi inapokea elektroni kwenye uso wake kwa urahisi, bila kimeng'enya. Unaishika elektrodi kwenye volti hasi, wengi hufanya kazi kati ya -0.3 na -0.5 dhidi ya rejea ya fedha na kloridi ya fedha, ndani ya bafa ya fosfati (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya pH 7, unatia peroksidi kidogo kidogo na mkondo unapanda ngazi.

Tatizo ni kwamba oksijeni inapokea elektroni mahali hapo hapo. Maji yaliyo wazi kwenye nyuzijoto 25 yana oksijeni kama miligramu 8 kwa lita, yaani mikromoli 250. Ukiniandikia kwamba kikomo chako cha utambuzi, yaani kiasi kidogo kabisa unachoweza kukitambua, ni mikromoli moja na hukupitisha nitrojeni, nitajua ulikuwa unapima hewa ya chumbani na mabadiliko yake. Pitisha nitrojeni dakika kumi na tano, na uiache ipite juu ya maji wakati wote wa kipimo. Kisha fanya ukatili kidogo: zima nitrojeni, fungua kifuniko, uone mkondo unapanda kiasi gani. Tarakimu hiyo uiandike. Ni wachache wanaoiandika.

La pili, fedha inaila peroksidi hata kama hujaunganisha waya. Waingereza walilitumia hili kwenye roketi yao ya Black Arrow, iliyorusha setilaiti ya Prospero kutoka Woomera, Australia, mwaka 1971: peroksidi kali ilipitishwa kwenye wavu uliopakwa fedha, ikalipuka kuwa mvuke na oksijeni yenye joto. Kwako haitarusha kitu, lakini sponji ikikaa ndani ya sampuli dakika mbili kabla hujawasha chombo, umeshapoteza sehemu ya peroksidi na kujitengenezea oksijeni ya kukudanganya. Washa volti kwanza, subiri mkondo utulie, ndipo utie sampuli.

La tatu ni eneo. Usigawanye mkondo kwa eneo la duara uliloliona kwa macho kisha ujisifu kwamba sponji inashinda fedha bapa mara hamsini. Duara la milimita tatu ni sentimita za mraba 0.07. Kama ndani yake una uso wa sentimita 3.5, mara hamsini yote imetokana na eneo, na kwa kila sentimita ya kweli sponji haijazidi kitu. Pima uso wa kweli kwa njia ya kuweka tabaka moja la metali ya risasi, au angalau kwa uwezo wa kuhifadhi chaji, na utoe tarakimu mbili: moja kwa eneo la macho, moja kwa eneo la kweli. Ya kwanza inamfaa mtengeneza kifaa. Ya pili ndiyo inayosema kama uso wako una kipaji. Na mara nyingine vinyweleo huhifadhi tabaka jembamba la maji ndani, molekuli zinaisha humo humo bila kusubiri zinazotoka nje, na kilele cha mkondo kinasogea kana kwamba kichocheo ni bora. Badili kasi ya kupandisha volti. Kilele kikikua sambamba na kasi yenyewe badala ya kipeuo chake cha pili, ni mtego huo, au kitu kimeganda juu ya uso.

Kikomo cha utambuzi kipate kwa vipimo halisi vya maji matupu yasiyo na peroksidi, angalau kumi, chukua mtawanyiko wake mara tatu ugawanye kwa mwinuko wa mstari. Usikikisie kwa jicho kwenye grafu.

Sasa swali lako la sponji moja kwa kazi mbili. Katika kazi yako hii nisingeziunganisha kwa sababu tu zimetoka tanuri moja, lakini kuna namna moja ambapo zinaungana kweli. Ukitaka kuvunja rangi, si kuivua, tumia chuma na peroksidi, mmenyuko ambao mwanakemia Fenton aliuandika mwaka 1894. Unaufanya kwenye pH ya karibu 3, radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vyenye ukali mkubwa, zinakata pete zenyewe. Maji ya batiki yatahitaji kupigwa hewa kwanza, la sivyo haidrosalfaiti itaimaliza peroksidi yako bure. Ukishamaliza unahitaji kujua peroksidi imebaki kiasi gani, kwa sababu iliyobaki inadhuru viumbe vya majini na pia inaharibu kipimo cha mahitaji ya oksijeni ya kikemia, ikaonekana kana kwamba maji bado ni machafu. Hapo elektrodi yako ina kazi halisi. Chota mililita moja, itie kwenye bafa ya fosfati, ambayo itaidondosha sehemu kubwa ya chuma, chuja, pitisha nitrojeni, pima. Kisha ongeza peroksidi unayoijua kwenye sampuli hiyo hiyo uone kama inarudi kati ya asilimia 90 na 110. Ikirudi 60, kuna kitu ndani ya maji kinachokuibia, na utakuwa umepata sura ya kuandika.

Kwa hiyo sura yako ya mwisho ibadilike: usiseme sponji inasafisha, sema inafuatilia usafishaji. Msimamizi atakubali, na akisita, mwonyeshe bika lililoachwa wazi usiku.

Machache ya usalama. Mabaki ya fedha usiyachanganye na amonia na kuyaacha kwenye chupa. Yakikauka yanaweza kulipuka kwa kuguswa tu. Yakusanye kwenye chupa yake, tia chumvi, fedha idondoke kama kloridi, uirejeshe. Sponji ya borohidridi na sponji ya elektrodi zikatwe vipande tofauti tangu mwanzo, zipimwe uzito na kuwekwa kwenye chombo kikavu kilichofungwa, mbali na kabati la kemikali za salfidi. Na kipande kilichokwisha kuzama kwenye beseni la mama, hata mara moja, kisirudi kwenye elektrodi.